Klachi inavuta asubuhi, mguu unashuka kwenye kona za kushoto: je, ninunue pikipiki ya cc 300?

SWALI

Ndugu Mshauri,

Huu ni msimu wangu wa pili katika trayali, mchezo wa kupitisha pikipiki kwenye mawe, magogo na vijito bila kuweka mguu chini. Natumia pikipiki ya cc 250 ya mipigo miwili, yenye klachi ya haidroliki, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Mashindano yaliyopita yalikuwa ya vipande 10 vya vikwazo kwa mizunguko 3, na nilimaliza na alama 44 za adhabu: mzunguko wa kwanza 16, wa pili 9, wa tatu 19. Nilipata 5, yaani kushindwa kipande kizima, mara nne. Mbili zilikuwa kwenye vipande vya 1 na 2 katika mzunguko wa kwanza, na mbili kwenye vya 8 na 9 katika mzunguko wa tatu. Zilizobaki ni 1 na 3, za kuweka mguu chini, karibu zote kwenye kona kali, hasa za kushoto.

Asubuhi nikiingiza gia huku nimebana klachi, pikipiki inaruka mbele na injini inazima. Nikiteremka mtelemko halafu nikafungua akseleta, injini inasita kidogo kisha inachomoka kwa kishindo. Tairi la nyuma bado lina meno marefu lakini linateleza kwenye mawe yenye maji. Nalijaza baa 0.6 kwa kuogopa kupinda rimu. Petroli nachanganya na oili 1 kwa 30 ili injini isiungue. Na mzunguko wa tatu ukifika, vidole vya mkono wa kushoto vinakuwa vimekufa ganzi. Wenzangu wananiambia ninunue ya cc 300, eti ya 250 haina nguvu ya kutosha. Nifanyeje?

Msomaji aliyechoshwa na alama 5

JIBU

Ndugu Msomaji,

Tuanze na swali la mwisho: pesa ya 300 iache ilipo. Kadi yako ya alama imeeleza ugonjwa vizuri kuliko wenzako. Vipande vya 1 na 2 vilikushinda ukiwa bado mbichi, hujachoka, kisha mzunguko wa pili ukavipita. Mawe ni yaleyale. Kilichobadilika ni joto la oili kwenye klachi. Vya 8 na 9 vilikushinda mwishoni, vidole vimeisha na haidroliki imepata moto. Hizo 1 na 3 za kushoto ni jambo la tatu kabisa, lina chanzo chake. Ukiyakusanya yote matatu ukayaita upungufu wa nguvu, utanunua injini itakayokusukuma kwa nguvu zaidi palepale ambapo klachi inakataa kuachia.

Klachi ndiyo iliyokula alama nyingi, basi tuikalie kwa muda. Katika pikipiki hizi pleti za klachi huogelea ndani ya oili ya giaboksi. Zikilala usiku kucha zimebanwa na springi, oili iliyo katikati yake hukamuliwa hadi ukabaki utando mwembamba, na pleti zikagandana kama vioo viwili vilivyolowa. Ukibana leva asubuhi springi zinaachia kweli, lakini pleti hazitengani. Ndiyo maana inaruka.

Kwa hiyo usiwashe kwanza. Injini ikiwa imezimwa, ingiza gia ya 3, bana leva hadi mwisho, isukume pikipiki mbele na nyuma. Mwanzoni gurudumu litakataa. Halafu ghafla utahisi limeachia na pikipiki inasogea kwa wepesi. Hapo rudisha nyutro, washa, uiache ipate joto dakika 3 hadi 5, mpaka bomba la juu la rejeta liwe la moto ukiligusa. Zunguka uwanjani kwenye gia ya 2 ukibana na kuachia klachi mara ishirini hivi. Kipande cha 1 kikusubiri mpaka hapo. Ukiingia kabla, unampa mwangalizi alama 5 za bure.

Baada ya kupata joto, ipime. Ukiwa mahali tambarare, gia ya 1, leva imebanwa, injini inanguruma bila akseleta: mkono mmoja uweze kuirudisha pikipiki nyuma bila mvutano. Ikiendelea kutaka kwenda mbele, kuna kitu cha kurekebisha, na kuna mpangilio wa kukitafuta unaokuokolea pesa: haidroliki kwanza, kisha oili, pleti mwisho.

Haidroliki kwa sababu hewa kidogo tu kwenye bomba hufanya leva ifike mwisho kabla pleti hazijatengana kikamilifu. Kabla ya kufungua chochote, soma maandishi kwenye kifuniko cha kikopo kilicho kwenye usukani. Mifumo mingine hutumia mafuta ya breki ya DOT 4, mingine mafuta ya madini, na hayo hayabadilishani hata kwa tone. Ukiyachanganya, sili za mpira huvimba, klachi ikashindwa kurudi, na utabadilisha sili za juu na za chini pamoja. Kwa kuwa pikipiki uliinunua mkononi, usiamini tu rangi ya mafuta unayoyakuta. Hakikisha na kitabu cha mtengenezaji.

Hewa hupanda juu, kwa hiyo itoe kwa kuisukuma kutoka chini. Funika rangi na plastiki kwa kitambaa chenye maji kama ni DOT 4, maana inakula rangi. Jaza mafuta mapya kwenye bomba la sindano, liunganishe na kimpira kwenye nipeli ya kutolea hewa iliyo injini, hakikisha kimpira hakina hata povu moja, legeza nipeli robo ya mzunguko, sukuma polepole. Utaona mapovu yakitokea kwenye kikopo cha juu. Nyonya mafuta yanayozidi kabla hayajafurika, endelea mpaka yaje safi, kaza nipeli, kisha ndipo uondoe sindano.

Ukiwa hapo hapo, angalia mchezo wa leva. Inatakiwa isogee bure milimita 1 hadi 2 kabla ya kuanza kusukuma pistoni. Wengi huumaliza mchezo huo ili klachi iume mapema, kumbe pistoni inabaki imeziba kitundu kidogo kinachorudisha mafuta kwenye kikopo. Mafuta yakipata moto hutanuka, hayana pa kwenda, yanaanza kubana klachi yenyewe: inateleza, na mahali inapoanzia kushika panahama kila baada ya kipande. Hilo ni kosa la mzunguko wa tatu, na tunashuku lilichangia vipande vyako vya 8 na 9. Leva ya breki ina kanuni hiyohiyo. Isipokuwa na mchezo, pedi zitaishika diski bila wewe kutaka.

Oili ya giaboksi iwe nyepesi, ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu. Injini nyingi za trayali hutumia oili maalumu ya giaboksi nyepesi, na baadhi hutumia ile ya giaboksi za otomatiki. Oili nzito ya injini ya gari huzigandisha pleti vibaya sana. Kiasi ni kidogo, mara nyingi karibu nusu lita, kwa hiyo pima kwa chombo chenye alama za mililita, usikadirie. Imwage ikiwa ya moto. Kwa sababu hujui mwenye pikipiki wa kwanza alitia nini, badilisha mara mbili: tia mpya, endesha saa moja, mwaga, tia tena. Baada ya hapo kila saa 15 hadi 20 za kuendesha. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yanaingia, na mshukiwa wa kwanza ni sili ya pampu ya maji.

Klachi ikiwa bado inavuta baada ya hayo, fungua pleti. Funga petroli, laza pikipiki ubavu usio na kifuniko cha klachi, na hutalazimika kumwaga oili. Legeza bolti za springi kwa kupokezana, nusu mzunguko kila moja. Pleti za chuma zipange juu ya kioo kinene moja moja: filageji, kile kipimo cha vibamba vyembamba, ikipita chini mahali pamoja, imepinda, na yenye madoa ya buluu imeungua. Pleti zenye vipande vya msuguano zitazame kwa makini kwenye mifereji kati ya kipande na kipande. Mara nyingi kuna gundi iliyofurika kiwandani na kuziba mifereji hiyo, oili ikakosa njia ya kutokea. Ikwangue kwa tupa ndogo au kisu butu mpaka mfereji ubaki wazi, kisha osha. Kazi hii pekee huponya klachi nyingi zinazovuta asubuhi, wala hainunuliwi sehemu yoyote. Tazama pia meno ya kikapu cha klachi. Yakiwa na ngazi unazoweza kuzihisi kwa ukucha, pleti zinakwama humo, na ngazi ndogo zinaweza kusawazishwa kwa tupa. Pleti mpya zilowekwe kwenye oili ileile usiku mzima kabla ya kufungwa. Bolti zikazwe kwa spana ya toki kwa kipimo cha kitabu, maana zinashika kwenye alumini, na nyuzi za alumini hazisamehi.

Sasa kusita baada ya mtelemko. Ukiteremka akseleta imefungwa, injini inaishi kwa jeti ndogo ya kabureta peke yake. Jeti hiyo ikiziba nusu, unapofungua inabaki na njaa, halafu slaidi ya kabureta, ile inayopandishwa na akseleta, ikipanda inapata mafuta yote kwa mpigo. Hicho ndicho kishindo chako. Itoe, isafishe kwa dawa ya kabureta na uzi wa nailoni. Usipitishe waya wa chuma. Ukipanua tundu hata kwa kiasi usichokiona, jeti imekufa.

Lakini kabla hujagusa skrubu ya kabureta, badilisha mchanganyiko wa petroli. Injini za kisasa za trayali zikitumia oili kamili ya sintetiki huhitaji kama 1 kwa 80, yaani mililita 12.5 kwa kila lita ya petroli, au mililita 62.5 kwa lita 5. Fuata kitabu kama kinataja kingine. Wewe kwa 1 kwa 30 unatia mililita 33 kwa lita, karibu mara tatu. Trayali huendeshwa kwa mzunguko mdogo wa injini, oili hiyo haipati joto la kuungua. Inalowesha plagi, inajaza masizi kwenye ekzosi, na juu ya hayo inachukua nafasi ya petroli, kwa hiyo injini unayodhani unailinda inapata mafuta pungufu kuliko unavyofikiri. Ndiyo sababu skrubu hurekebishwa baada ya mchanganyiko mpya, siyo kabla.

Injini ikiwa ya moto, funga skrubu taratibu ukihesabu mizunguko hadi iguse, usiikaze, kisha irudishe mzunguko mmoja na nusu na uanzie hapo. Geuza robo robo mpaka mngurumo uwe wa juu na laini kuliko pande zote mbili. Jua unageuza nini: skrubu iliyo upande wa filta ya hewa hupitisha hewa, ukiifungua unapunguza utajiri wa mafuta, iliyo upande wa injini hupitisha mafuta, ukiifungua unaongeza. Watu huharibu jioni nzima kwa kutojua tofauti hiyo. Filta ya hewa ya sponji ioshwe kila baada ya mashindano, ikauke kabisa, ipakwe oili ya filta na kukamuliwa, isisokotwe.

Tairi. Baa 0.6 ni nyingi mno. Kwa kipimo hicho tairi la trayali linakuwa jiwe juu ya jiwe. Nyuma tumia 0.28 hadi 0.32, au 0.35 ukiwa mzito wa kilo 85 na kuendelea. Mbele 0.38 hadi 0.45. Ubavu wa tairi la nyuma ni laini kwa makusudi, ujikunje na uso wa tairi ulifumbate jiwe. Geji ya kawaida ya gari haiwezi kukuonyesha tofauti ya 0.05, na tofauti hiyo utaihisi miguuni. Tafuta ya kipimo kidogo inayoishia baa 1. Pima asubuhi pikipiki ikiwa kivulini, na upime tena kabla ya mzunguko wa mwisho. Hewa iliyofungwa kwa baa 0.3 kwenye nyuzi 15 hufika karibu 0.4 tairi likipanda hadi nyuzi 40. Hiyo ni theluthi nzima, bila mtu kugusa pampu.

Umesema meno bado ni marefu. Urefu si hoja. Kinachoshika jiwe lenye maji ni ncha ya mbele ya kila jino, na ikishakuwa mviringo tairi linateleza hata likiwa na meno ya milimita 10. Kama tairi halina mshale wa mwelekeo, ligeuze upate ncha za upande wa pili. Kuhusu rimu, kinachoiumiza zaidi ni kuligonga gogo bila kupunguza uzito miguuni. Gurudumu la nyuma likigusa gogo, magoti na viwiko viwe vinakunjika tayari kulipokea. Ukisimama umenyooka, rimu ndiyo itakayokunjika.

Kona za kushoto tusikimbilie kulaumu mwili wako. Fanya jaribio hili: injini ikinguruma, pikipiki imesimama, pinda usukani mpaka mwisho kushoto. Mngurumo ukipanda, waya wa akseleta unavutwa, umepitishwa vibaya au hauna mchezo, na kila kona ya kushoto pikipiki inajiongezea mwendo yenyewe. Kisha inua gurudumu la mbele na uzungushe usukani polepole. Ukihisi kama unaingia kwenye kishimo katikati, beringi za shingo zimeisha.

Zikiwa salama zote, basi ni mkono. Usukani ukipinda kushoto hadi mwisho, mshiko wa kulia unakukimbia mbele. Mkono unanyooka, kifundo kinageuka, na akseleta inafunguka au kufunga bila idhini yako. Mguu unashuka kuokoa kosa la kifundo. Kulia hali hiyo haipo kwa sababu mkono wa akseleta unakuja karibu nawe. Dawa ni mwili uufuate mkono: inua kiwiko cha kulia, peleka nyonga nje ya kona, uzito wote ukae kwenye kikanyagio cha nje, yaani cha kulia, na uiache pikipiki ilale kushoto chini yako. Wewe unabaki wima, yenyewe ndiyo inayolala. Macho yawe kwenye mahali unapotokea. Ukilitazama gurudumu la mbele, litasimama. Akseleta ishike mahali pamoja, mwendo uuamue kwa klachi, na breki ya nyuma iguse kidogo ili cheni isilegee na kushtua. Kwa hiyo pedali ya breki iwe kwenye urefu ambao kidole gumba cha mguu kinaifikia bila kunyanyua kisigino. Kama ni mguu wenyewe ndio unaonyanyuka, umeshapoteza uzito wa kikanyagio cha nje.

Zoezi ni la kuchosha lakini linalipa. Weka mawe mawili umbali wa mita 4, zunguka namba nane usukani ukigonga mwisho, dakika 20, na kwa kila mzunguko mmoja wa kulia fanya miwili ya kushoto. Ukiweza hivyo kwenye tambarare, hamia kwenye mteremko wa kando. Hakikisha unafanya bila kusimama, maana baadhi ya mashindano hutumia kanuni isiyoruhusu kusimama, na humo pikipiki ikikoma kwenda mbele ni 5 hata kama miguu yote iko juu.

Vidole kufa ganzi: tunahisi unabana kwa viwili. Legeza kibano cha leva, kisogeze ndani kuelekea katikati ya usukani mpaka ncha ya leva ikae chini ya kidole cha shahada peke yake; ukishika nchani nguvu inayohitajika inapungua sana. Ukiwa umesimama kwenye vikanyagio, leva iwe mstari mmoja na mkono wako kuanzia kiwiko, isiwe imeelekezwa juu. Kibano kisikazwe sana, kiweze kuzunguka pikipiki ikianguka badala ya leva kukatika. Na kabla ya mzunguko wa tatu, vipande vikague upya kwa miguu. Njia uliyoipita saa mbili zilizopita haipo tena: matairi ya wenzako yameleta tope juu ya mawe na kusogeza yale madogo. Kamba ya kuzimia injini, ile yenye sumaku, ifungwe kifundoni hata kwenye mazoezi ya namba nane.

Ukishafanya haya yote na ukaona bado 250 inachomoka kuliko unavyotaka, ipunguzie ukali. Tafuta mshiko wa akseleta unaofungua polepole, au ongeza uzito kwenye flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, kama mtengenezaji anautoa. Injini itapanda taratibu na haitazima kirahisi kwenye mwendo wa kutambaa. Anza na klachi wiki hii, kabureta na mchanganyiko wiki ijayo, usiguse vyote siku moja, la sivyo hutajua kipi kilichobadilisha nini. Na kadi ya mashindano yajayo tutumie yote, kipande kwa kipande. Tunataka kuona vipande vya 1 na 2 vimeandikwaje.